Springi za kigari cha gofu zisiguswe na moto

Mwambie fundi wako asimamishe kazi leo, kabla hajawasha gesi. Umeandika kwamba kigari chenu cha gofu, E-Z-GO TXT kinachobeba wageni na mizigo kutoka getini hadi ufukweni huko Luchelele, Mwanza, kimelala mbele upande wa kulia, kwamba tairi linasugua bodi kila mnapokata kona, na kwamba fundi ameahidi kuzifungua springi za mbele, kuzichoma hadi ziwe nyekundu, kuzikunja upya kwa nyundo na kuzirudisha siku hiyohiyo kwa bei ndogo. Umeuliza pia kuhusu mahali pa kupata vipuri. Nitaanza na hiyo ahadi ya fundi, kwa sababu ndiyo itakayowagharimu kuliko mengine yote.

Hoteli niliyokuwa nasimamia usafiri wake, upande wa Ilemela, ilipewa ahadi hiyohiyo na tukaikubali. Fundi alikuja na sifa kubwa ya kunyoosha springi za malori. Aliitia springi ya kulia kwenye moto wa gesi, akaipiga nyundo juu ya kipande cha reli hadi ikarudi kwenye upinde alioutaka, kisha akaimwagia ndoo ya maji akisema kwamba maji ndiyo yanayoirudishia nguvu. Ilipofungwa, kigari kilisimama sawasawa, tairi likaacha kusugua, fundi akalipwa na kushukuriwa. Springi ile ilikatika kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, kigari kikiwa kimembeba mgeni mzee na masanduku yake. Watu wengi hudhani kazi ya springi ni kupunguza mitikisiko tu, kumbe kwenye vigari hivi springi ndiyo inayoishikilia ekseli, yaani mhimili wenye magurudumu, mahali pake. Pleti, yaani ukanda wa chuma unaoiunda springi, ilipokatika karibu na tundu la senta bolti, ile bolti ya katikati inayofunga pleti pamoja, upande ule wa ekseli ulirudi nyuma, usukani ukavutwa kulia kwa nguvu ambayo dereva hakuweza kuizuia, na kigari kikaenda kugonga jiwe. Mzee yule aliteguka kifundo cha mkono. Ekseli ilipinda, tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza magurudumu) ikapinda, na mfumo wa usukani ukabadilishwa wote. Gharama yake ilizidi mara nyingi bei ya springi mpya za pande zote mbili, na hapo sijahesabu matibabu ya mgeni wala jina la hoteli.

Kipande kile nilikiokota nikakitazama juani, na ningependa kila mwenye kigari akione. Springi iliyochoka kwa matumizi ya kawaida huanza na ufa mdogo unaokua polepole, kwa hiyo ikikatika utaona sehemu iliyolainika, mara nyingi imeshika kutu, na pembeni yake sehemu mpya iliyomalizikia kuvunjika. Kipande chetu hakikuwa na sehemu ya zamani. Kilikuwa na chembechembe zinazong'aa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na hakikuwa kimepinda hata kidogo, ishara kwamba kilivunjika kwa pigo moja kama kigae. Juu yake palikuwa na magamba meusi na rangi ya bluu iliyoachwa na moto, pamoja na mabonde ya nyundo yaliyopangana kuelekea pale kilipokatikia.

Sababu yake si siri. Chuma cha springi hupewa nguvu kiwandani kwa hatua mbili: kwanza hupashwa moto hadi nyuzi 850 hivi za Selsiasi na kupozwa haraka, kwa kawaida ndani ya mafuta, ili kiwe kigumu, kisha hupashwa tena kwa joto dogo zaidi, kati ya nyuzi 400 na 500 hivi, ili ugumu ule upungue kwa kipimo na chuma kiweze kupinda na kurudi bila kuvunjika. Fundi anayekichoma hadi kikawa chekundu amekwisha kuifuta kazi hiyo yote. Akikiacha kipoe chenyewe, kinabaki laini, na springi italala tena baada ya muda mfupi. Akikimwagia maji, kinakuwa kigumu kupita kiasi na chepesi kuvunjika, na hatua ya pili hana namna ya kuifanya kwa kukadiria kwa macho, kwa sababu inahitaji tanuri linalopimwa joto. Kwa vyovyote vile, chuma ulichorudishiwa si chuma ulichopeleka.

Yule fundi wetu nilimuuliza baada ya ajali, akajibu kwamba malori yote ya kanda hii yananyooshwa hivyo na hayajamletea malalamiko. Jibu hilo liliniudhi wakati ule na linaniudhi hadi leo. Springi ya lori ina pleti nyingi zilizopangwa, hivyo moja ikikatika nyingine hubaki zimeishika ekseli, dereva akafika gereji. Kwenye kigari cha gofu pleti ni chache na nyembamba, na hakuna cha kukuokoa pale pleti kuu inapoachia. Tena mtu anayelipwa kwa ujuzi wake alipaswa kujua tofauti hiyo kabla ya kugusa chombo kinachobeba wazee na watoto. Wa pili ninayemlaumu ni muuza vipuri aliyetuhakikishia kwamba springi za vigari hivi hazipatikani popote na kwamba kukunja ndiyo njia pekee. Springi za TXT zinauzwa na maduka mengi ya vipuri vya vigari vya gofu nje ya nchi, za kawaida na za kubeba uzito mkubwa zaidi, na mizigo ya namna hiyo huagizwa kupitia mawakala wa Dar es Salaam kisha ikapandishwa basi hadi Mwanza. Inachukua muda, hilo sikatai, lakini ni afadhali wageni wako watembee kwa miguu katika muda huo.

Nunua za pande zote mbili, hata kama ya kushoto bado inaonekana nzima, kwa sababu springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine zitakirudisha kigari kwenye kulala upande. Nunua pia bushi mpya, zile za mpira zinazokaa ndani ya matundu ya ncha za springi, na yubolti mpya, bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli. Siku ya kufunga, hakikisha swichi ya kukokotea (tow) iko kwenye kukokota na waya hasi wa betri umetolewa, magurudumu ya nyuma yamezuiwa, na chesisi imekaa juu ya stendi imara, isiachwe ining'inie kwenye jeki. Kichwa cha senta bolti kikae sawasawa ndani ya tundu lake kabla yubolti hazijakazwa, na zikazwe kidogokidogo kwa kupokezana. Bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho kabisa, kigari kikiwa kimeshushwa na uzito wake uko juu ya magurudumu. Zikikazwa kikiwa kimening'inia, bushi za mpira hujisokota na kuchanika mapema. Baada ya hapo pima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, maana kimo cha mbele kitakuwa kimebadilika.

Kuna jambo moja ulilolitaja kwa kupita tu, la kreti la chuma mlilolifunga mbele ili kubebea madumu ya maji na mifuko ya saruji. Dumu la lita 20 ni kilo 20 na mfuko wa saruji ni kilo 50, na kigari hiki kimeundwa kubeba kilo 360 hivi kwa jumla, watu wakiwamo, tena mzigo mwingi ukiwa umekaa katikati na nyuma. Uzito huo ukining'inia mbele ya ekseli kwenye mteremko wenye mawe, springi ya mbele haiwezi kudumu hata iwe mpya. Kreti hilo liondolewe kabla springi mpya hazijafika.

Kabla ya kuagiza, pima urefu kutoka katikati ya jicho moja la springi, yaani tundu la kwenye ncha yake, hadi la pili, upana wa pleti, unene wake, kipenyo cha bushi, na umbali wa senta bolti kutoka jicho la mbele, kisha usome namba ya mfululizo ya kigari na umpelekee muuzaji pamoja na vipimo hivyo. Vipimo vichukuliwe kwenye springi ya kushoto, ambayo haijalala sana, na ukishavipata uviandike hapa tuvipitie pamoja kabla hujalipa.