Miaka mitatu ya kusubiri PDF yenye jina langu

Nilimaliza diploma ya utunzaji kumbukumbu 2021 nikarudi nyumbani Mwanga, Kigoma, nikijua miezi miwili mingi nitakuwa nishapata kazi serikalini. Nimekuja kupata mwanzoni mwa 2025. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeko kitaa mwaka wa pili au wa tatu, najua inavyouma na siwezi kukwambia eti ni rahisi.

Kilichokuwa kinanimaliza sio njaa, nyumbani tulikula. Ni simu. Sijanawa uso nishafungua Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali, mchana tena, usiku niko kwenye magrupu ya WhatsApp nasaka PDF ya walioitwa usaili, bando la mama namaliza mimi, na majina yakitoka nashuka na kidole polepole mpaka kwenye herufi yangu, sipo. Siku hiyo imeshakufa, siongei na mtu.

Mama mdogo anafanya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika. Jioni moja akaniambia kesho alfajiri tunaenda wote, wala hakuniuliza kama nataka. Mitumbwi inaingia kumekucha, mnagombania bei hapo hapo, halafu mnaanika, na kuanika kwenyewe sio kumwaga tu, dagaa wakipandana wa chini anaoza, kwahiyo unawatawanya kwa mkono mpaka kila mmoja alale peke yake, jua likipanda unageuza. Akikauka vizuri ukimvunja analia ka! Ile sauti niliipenda jamani, maana tangu nitoke chuo sikuwa nimeanza kitu asubuhi kikaisha jioni.

Na ziwa likanipangia ratiba. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, basi zile siku ndo nikazifanya za maombi: kuandika barua, kupeleka kopi za vyeti kwa wakili agonge muhuri, kusoma kwa ajili ya pepa la mchujo. Portal nikaiwekea Jumatatu na Alhamisi jioni basi. Sijawahi kukosa usaili kwa sababu hiyo, majina huwa yanatoka siku kadhaa kabla.

Pakaja 2024, ziwa likafungwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Ni jambo zuri kwa ziwa ila mimi nilirudi chini kabisa, na hapo ndo mtu mmoja akaniambia anaweza kusogeza jina langu kwa elfu themanini, nikampa, akazima simu. Kuomba kazi kwenye portal hulipii hata mia, nilikuwa najua hivyo na bado nikatoa, kuchoka kunafanya hivyo. Nilikaa na aibu ile wiki mbili sili vizuri, nilivyomwambia mama mdogo nikalia mpaka nikalala pale pale kwake. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia, mmoja tu, asiyekimbilia kukupa mawaidha.

Maswali ya "kazi bado?" kwenye misiba na harusi hayaishi, usiwachukie. Mimi nilikuwa najibu bado shangazi, niombee, ila dagaa ninao, unachukua sado ngapi? Wengine walichukua kweli.

Kilichonisaidia mwishoni ni wenzangu. Usaili wa mahojiano nilikuwa nimeanguka mara mbili, najua majibu ila sauti inatetemeka. Tukawa watatu, tunakutana barazani kwa mmoja wetu kule Gungu, mmoja anasimama wawili wanamuuliza bila kucheka, akikwama anaanza upya. Safari ya tatu nikafaulu, nikawekwa kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaongoja nafasi, nayo ni kusubiri kwingine, ila nilisubiri huku naanika. Wawili tumeshapata, mmoja bado. Nikirudi Kigoma tunakaa naye barazani pale pale, anasimama, namuuliza.