Filamu ya kusafiri kwenye wakati kwa picha mnato: nilivyojaribu Mbeya

Mleta uzi umeuliza kama mtu asiye na bajeti anaweza kutengeneza filamu ya kusafiri kwenye wakati kwa picha mnato tu, au watu wataiona albamu yenye muziki. Inawezekana mkuu, ila hilo la albamu lilinikuta.

Nilianza baada ya kuona La Jetée ya Mfaransa Chris Marker, ya 1962. Dakika 28 hivi, nyeusi na nyeupe, picha mnato na sauti ya msimulizi. Paris imeteketea kwa Vita ya Tatu ya Dunia, walionusurika wako chini ya ardhi. Mfungwa mmoja anachaguliwa arushwe wakati uliopita kwa sababu kuna picha imemganda kichwani tangu utotoni: uso wa mwanamke uwanja wa ndege wa Orly, siku aliyoona mtu akifa. Mashine ya ajabu hakuna, ni sindano na vitu vya kufunika macho. Picha ile ndiyo usafiri wenyewe.

Yangu nilipiga stesheni ya TAZARA hapa Mbeya, asubuhi moja ya Julai, baridi ya kukata vidole. Kijana anarudi kumtafuta dada yake aliyeondoka na treni. Treni siku hiyo haikuwepo. Nikaweka reli tupu na mlio wa honi, na watu wakaniapia treni wameiona.

Toleo la kwanza kila picha niliipa sekunde nne, kinanda kikilia chini. Nikamwonyesha mama mdogo. Akaangalia kidogo, akashika kifua: "Nani kafariki?" Sikumlaumu, video za misiba ndivyo zilivyo.

Nikafuta kinanda, nikabakiza mvua juu ya bati na nyayo za watu. Muda nao nikauvuruga: picha nyingine nusu sekunde, mkono wa dada dirishani sekunde 11 (dirisha ni la Hiace ya jirani, msiniangushe). Mkono ule ule nikaurudisha mara tatu. Mara ya kwanza anaaga. Ya mwisho, ukishajua kijana katokea wapi, unaapa anamzuia asimfuate. Picha sikuigusa! Kwenye video mkono ungejieleza wenyewe. Ukisimama, mtazamaji anaujazia maana, na maana hiyo anaibadilisha kila ukirudi.

Msimulizi asikutishe. Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video zenye mtu wa kutafsiri, tumezoea sauti ya mtu mmoja kubeba filamu nzima. Ila asirudie kile ambacho macho yameshaona.

La mwisho: Marker kaweka kipande kimoja tu kinachocheza. Picha za mwanamke kitandani zinayeyukiana, ndege wanazidi kulia, kisha anafumbua macho na kupepesa. Sekunde chache tu. Nami nikaiga kwa ukungu unaopita juu ya reli, sehemu tatu. Wa kwanza watu walishtuka. Wa pili na wa tatu hakuna aliyegundua, nikafuta sehemu hizo mbili.