Mshale huanza kushuka papo hapo

Kaka, umeandika kwamba mshale huenda umenyooka mita 30 za kwanza, ndipo uanze kushuka. Sivyo. Huanza kushuka mara tu unapoachana na ugwe, ile kamba ya upinde.

Chukua miembe yetu ya Tabora. Simama chini ya mmoja, na mwingine uko mita 30 mbele. Mshale wenye mwendo wa mita 60 kwa sekunde utafika kwa nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde hiyo kitu chochote hudondoka kama mita 1.2. Ukiulaza sawasawa usawa wa kifua, utagonga shina chini ya goti! Ndiyo maana mlengaji huinua upinde kidogo, nawe ukitazama ukadhani mshale umepaa wenyewe.

Na hayo manyoya ya nyuma hayaongezi kasi hata kidogo, tena huipunguza. Kazi yake ni kuvuta mkia ili ncha itangulie.

Kuulinganisha mshale na risasi, kama ulivyofanya, ndiko kunakonisikitisha zaidi. Risasi ya bunduki nyingi za kuwindia huizidi kasi ya sauti, mshale hauifikii. Mnyama husikia ugwe kwanza, kabla mshale haujamfikia.