Maswali ya wasomaji: mnara wa turbini ya upepo na mpaka wa jirani

Ndugu wa redaksio, parsele yangu ya Ruashi ina mita 20 kwa 30. Umeme wa SNEL unakatika sana, nami nataka kununua turbini ya upepo ya wati 1,000, mapanga yake yakizunguka duara la kipenyo cha mita 2.4. Jirani ana mwembe wa mita 12 hivi. Nimesoma kwenye intaneti kwamba mnara usizidi mita 11.1. Sheria hiyo inatuhusu? – Msomaji, Ruashi

Haituhusu, ndugu. Kipimo hicho ni cha England, tena kinahesabiwa hadi ncha ya juu ya panga, kwa mtu anayesimamisha turbini nyumbani kwake bila kuomba kibali cha mipango. Wewe anzia komine na ofisi ya Urbanisme, yaani ya mipango ya mji. Beba hati za parsele na mchoro unaoonyesha urefu wa mnara pamoja na umbali wake hadi kila mpaka. Kwa kuwa Ruashi iko upande wa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, waulize pia watu wa RVA, shirika la serikali linalosimamia viwanja vya ndege, kabla ya kununua hata bomba moja. Kanuni za kimataifa za viwanja vya ndege, kwa njia ndefu ya kurukia ndege kama ya Luano, zinaweka kikomo cha mita 45 juu ya uwanja hadi kilomita 4 kuuzunguka. Kwenye mstari wa ndege zinazotua, kikomo hushuka zaidi: kinaanzia mita 60 kutoka mwisho wa njia na kupanda mita 2 tu kwa kila mita 100.

Lakini kinachokubana zaidi ni upepo wenyewe. Ncha ya chini ya mapanga inatakiwa kupita kwa mita 9 kila kitu kilichomo ndani ya mita 150: paa, miti, tangi la maji. Ukiwa na mwembe wa mita 12, hesabu inakuwa 12 na 9, yaani 21, kisha mita 1.2 hadi kwenye kitovu. Mnara wako ni wa mita 22.2, na panga likisimama wima juu unafika kama mita 23.4.

Wengi hukata mnara ili kuokoa fedha, na hapo ndipo fedha zote zinapotea. Nguvu ya upepo hufuata mwendo wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (mwendo × mwendo × mwendo): mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nane. Penye nyumba na miti, kupanda kutoka mita 9 hadi 22 kunaweza kukaribia kuongeza nguvu maradufu kwa turbini ileile. Tena zile wati 1,000 za kibandiko kwa kawaida hupimwa upepo ukiwa mita 11 au 12 kwa sekunde. Ukiwa mita 4, nguvu iliyopo ni sehemu moja ya 27 ya ile ya mita 12. Utapata wati 37 hivi. Na Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, hewa ni nyepesi, kwa hiyo toa asilimia 15 nyingine ikiwa kibandiko kimehesabiwa kwa hewa ya pwani.

Sasa tazama parsele yako. England pia wanadai mnara ukae mbali na mpaka kwa urefu wake wote pamoja na mapanga, na asilimia 10 juu yake, ili ukianguka uangukie kwako. Hiyo tunakushauri uifuate hata kama hakuna anayekulazimisha. Kwako ni mita 25.7 kila upande, nawe katikati ya parsele uko mita 10 tu kutoka mpaka wa karibu. Nanga za kamba za chuma zinazoushikilia mnara nazo zinataka angalau mita 11 kutoka mguu wa mnara. Haitoshi. Kwa Ruashi nunua paneli za jua. Kama una shamba barabara ya Kasenga au Kipushi, lenye mita 60 kwa 60 na zaidi, pima upepo kwanza kwa mwaka mzima, maana kiangazi na masika havifanani. Ukipata wastani chini ya mita 4 kwa sekunde, paneli huko pia.

Je, naweza kuifunga turbini juu ya paa? – Mama wa Katuba

Hapana, mama. Juu ya tole upepo unajikunja na kugeuka ovyo. Turbini inayumba bila kuzalisha, na mtetemo unashuka ukutani hadi matofali yanapasuka na misumari kulegea.

Batiri zikijaa, niizime tu turbini? – Msomaji, Kipushi

Usiitoe kwenye batiri upepo ukivuma. Bila mzigo itazunguka kupita kiasi na kuvunja mapanga. Kidhibiti kipeleke umeme wa ziada kwenye koili za kupashia maji, zenye uwezo wa kubeba wati zote za turbini. Weka pia swichi ya breki inayounganisha nyaya tatu za turbini pamoja, na utumie breki hiyo upepo ukiwa umepoa, kabla dhoruba haijafika. Kwa radi za masika, chimbia fimbo ya shaba ya mita 2.4 mguuni mwa mnara na nyingine kwenye kila nanga, zote zikiunganishwa, na ukague viungo kila mwaka: wezi wa shaba hawakawii.