Ndugu wa tumbo moja, majibu ya figo ni sifuri

SWALI: Sista, shikamoo. Dada yetu ana miaka 38 na watoto watatu, figo zake zimekufa na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tulijitokeza watatu kumtolea figo: mdogo wangu, mimi na shemeji, yaani mume wake. Sote na yeye mwenyewe ni kundi la damu O. Kwenye kipimo cha vinasaba mdogo wangu alipata 3 kati ya 6, lakini ana presha. Shemeji alipata 1, halafu wakasema damu ya dada inamkataa. Mimi nilipata 0. Tangu siku hiyo shangazi zetu wananong'ona kwamba mimi si mtoto wa marehemu baba, na mama hali chakula. Je, kuna ukweli? Na kati yetu nani atoe? Kaka mtu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na shangazi, maana naona figo yenyewe imeshasahaulika hapo nyumbani.

Kipimo mlichofanyiwa kinaangalia vinasaba vya kinga viitwavyo HLA. Ndivyo vinavyoziwekea chembe za mwili alama, ili askari wa kinga wajue nani mwenyeji na nani mgeni. Vimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 6, na kwa kuwa viko karibu karibu, kwa kawaida hurithiwa kwa mkupuo. Chukulia mama ana vitenge viwili na baba ana viwili, vyote vya rangi tofauti. Kila mtoto anapewa kimoja cha mama na kimoja cha baba, bila kukatwa. Dada yako alipata vyake, wewe ukapata vile vingine viwili vilivyobaki. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hilo hutokea mara moja katika kila nne. Kufanana vyote viwili nako ni mara moja katika nne, na nusu ni mara mbili katika nne. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wengi si ajabu ikawa na akina wewe.

Tena waambie shangazi hivi: huyo mdogo wako aliyepata nusu anaweza kuwa amefanana na dada kwa upande wa mama peke yake. Karatasi yake haimtaji baba, kama yako isivyomtaja. Anayetaka kujua habari za baba kuna kipimo kingine kabisa, na mimi nisingekifanya kwa ajili ya maneno ya shangazi. Lawama nyingine naiweka kwa aliyewasomea majibu hayo mkiwa mmekaa wote kwenye benchi moja. Majibu ya mtoaji ni siri ya mtoaji. Nimefanya kazi kitengo cha figo miaka mingi na nimeona ndoa na undugu vikitikisika kwa karatasi iliyosomwa kwa sauti.

Sasa hiyo 6 inatoka wapi? Ukitazama karatasi yako utaona safu tatu, A, B na DR, kila moja ina namba mbili. Utakuta A30 au B42, namba ambazo Waafrika wengi tunazo. Mtu mwenye 0 hana hata moja inayolingana na ya mgonjwa. Zamani hilo lilikuwa jambo zito sana. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa, Boston mwezi Desemba 1954, ulifanyika kwa mapacha wa kufanana, Ronald na Richard Herrick, kwa sababu kinga ya Richard haikuwa na namna ya kuitambua figo ya Ronald kuwa ngeni. Akaishi nayo miaka 8. Leo dawa za kutuliza kinga zimepunguza sana uzito wa hizo namba, ingawa hazijaufuta.

Ushahidi ninaoupenda ni wa mwaka 1995. Paul Terasaki na wenzake walikusanya kumbukumbu za Marekani wakalinganisha figo zilizotolewa na wanandoa, ambao kwa vinasaba ni watu baki kabisa, na zilizotolewa na wazazi, ambao siku zote hulingana na mtoto nusu. Baada ya miaka 3, figo za wanandoa zilizokuwa bado zinafanya kazi ni asilimia 85, za wazazi 82, na za marehemu 70. Mke na mume wasiolingana walifanya vizuri kama mzazi na mwanawe! Figo iliyotoka kwa mtu hai, mzima, ikawekwa bila kukaa kwenye barafu saa nyingi, ina nguvu zake.

Lakini humo humo kuna jambo linalomhusu shemeji yako. Mume alipompa mke ambaye hajawahi kubeba mimba, ilikuwa asilimia 87. Mke aliyewahi kubeba mimba, 76. Wanawake hao hawakuwa wengi, kwa hiyo tofauti hiyo usiishike kama msahafu, ila sababu yake inaeleweka. Mtoto tumboni ana nusu ya HLA ya baba yake. Dada yako amezaa watatu, na mwili wake umekutana na alama za mumewe mara tatu, ukatengeneza kingamwili, yaani silaha za kinga zinazoelea kwenye damu, dhidi ya alama hizo. Zimebaki kwenye damu zikisubiri.

Hizo ndizo zilizoonekana kwenye kile maabara wanachokiita krosimachi. Kwa njia ya zamani, mtaalamu anachukua kisahani chenye vishimo vidogo kama tundu la sindano ya cherehani, anadondosha maji ya damu ya mgonjwa, anatia chembe nyeupe za mtoaji, kisha seramu ya sungura, halafu rangi. Chembe zikifa zinanywa rangi, na chini ya hadubini unaziona dhahiri. Tangu mwaka 1969, Terasaki huyo huyo na mwenzake Patel walipoonyesha kwamba wengi wenye majibu ya namna hiyo figo zao zilikataliwa palepale, hakuna daktari mwenye akili timamu anayekipuuza kipimo hiki. Shemeji apumzike. Hajakosa mapenzi, amekosa krosimachi.

Hukuniambia kama dada amewahi kuongezwa damu. Damu ya kuongezwa nayo hufundisha mwili kingamwili. Wagonjwa wa figo hupungukiwa damu kwa sababu figo ndiyo inayouamuru uboho uitengeneze, na ipo sindano ya kuziba pengo hilo, ila ni ghali. Kabla ya kila chupa, muulizeni daktari kama sindano inaweza kutosha. Ikiwa ni ya kuokoa maisha, iwekwe, msibishane.

Nani atoe? Mdogo wako ana 3, lakini ana presha. Atabaki na figo moja na presha yake, na kesho tutamhesabu yeye kwenye foleni. Mimi macho yangu yako kwako. Kama krosimachi yako na dada ni safi, na moyo, sukari, mkojo na picha za figo zako ni nzuri, hiyo 0 isikutishe. Itamdai dada dawa kwa saa yake, maana mwili wenye tofauti nyingi za HLA ukiachiwa nafasi hutengeneza kingamwili mpya, hasa dhidi ya kundi liitwalo DQ, ambalo kwenye zile 6 hata halihesabiwi. Ombeni lipimwe. Hata ndugu waliolingana yote 6, kama si mapacha wa kufanana, humeza dawa, kwa kuwa kuna tofauti nyingine nje ya HLA. Mwaka 2019 watafiti walionyesha moja karibu na jeni ya LIMS1: mpokeaji aliyekosa kipande cha vinasaba cha hapo, kwa baba na kwa mama, akipewa figo yenye nacho, hatari ya kuikataa hupanda. Kliniki nyingi hazikipimi, kwa hiyo msihangaike kukitafuta.

Na mama mpelekee uji.

SWALI: Mimi na mwenzangu tulipandikizwa mwezi mmoja, uzito wetu ni sawa. Yeye anameza takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga, nusu ya ninayopewa mimi. Si nitaharibika ini? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana, kama kiwango kwenye damu yako kiko pale daktari anapokitaka. Kuna jeni iitwayo CYP3A5 inayotengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo. Waafrika wengi tunacho kinachofanya kazi, wenzetu wa Ulaya wengi hawana, na mwenye nacho huhitaji dozi mara moja na nusu hadi mbili. Mwenzako huenda hana. Msigawiane vidonge hata siku moja. Acha balungi, linapandisha dawa kwenye damu. Na siku ya kupimwa kiwango, usimeze dozi ya asubuhi mpaka damu iwe imechukuliwa, la sivyo namba itakayotoka itamdanganya daktari.