Mzee Ana Duka na Fuso Mbili, Sisi Tuko Watano

SWALI: Anko shikamoo. Baba yetu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga na Fuso mbili, kila kitu kipo kwa jina lake yaani hadi akaunti ya benki. Sisi ni Waislamu, watoto watano, mama wawili na wote wapo. Mi ndo nashinda dukani toka nimalize fomu foo, wawili wapo Dar, mmoja Maskati, wa mwisho anasoma. Mzee kaanza kuumwaumwa, anasema duka ananiachia mimi, wenzangu washaanza kununa. Tufanyeje duka lisife? – Wa Kaunta

JIBU: Marahaba. Hiyo ya "nakuachia" ya mdomo usiitegemee. Kama mzee alisajili jina la biashara tu, basi kisheria duka ndo yeye mwenyewe, siku akiondoka (Mungu ampe umri) akaunti haiguswi mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na sapulaya wa saruji hasubiri. Afu kwa sheria ya Kiislamu wasia kwa mrithi hauendi bila warithi wenzie kuridhia, kwa hiyo mtarudi kwenye faraidhi, yaani mgawo wa mirathi wa Kiislamu, mama zako wanagawana thumni (moja ya nane), wa kiume mafungu mawili ya wa kike. Sasa Fuso utaitoa thumni vipi? Si mtaiuza! Maduka mengi yanakufa hivyo, wala hakuna mtu mbaya, ni kwamba njia pekee ya kumpa kila mtu haki yake ilikuwa kuuza.

Mi ningemwambia mzee afungue kampuni BRELA, kule wanakosajili makampuni, saizi bado anasaini mwenyewe. Hisa unazigawa hata vipande elfu kumi na duka linabaki zima. Ila Fuso na kiwanja haviingii kwenye kampuni kwa kutamka, vinahamishwa jina na kuna kodi zake, muoneni mhasibu kwanza. Akitaka wewe upate zaidi iwe hiba, yaani zawadi, akukabidhi kweli akiwa mzima, siyo akiwa mahututi kitandani, na wenzio wasikie.

Sasa wewe. Kushinda kaunta kunakupa mshahara, hakukupi umiliki. Jiandikie mshahara unaoeleweka, faida inayobaki igawiwe kwa hisa, hata wa Maskati ambaye hajawahi kubeba mfuko wa saruji apate chake. Inauma, najua. Na kwenye katiba ya kampuni muandike anayeuza hisa aanze na ndugu, bei ikadiriwe na mtu wa nje, malipo kwa awamu.

Karatasi peke yake nayo haitoshi. Tuskys, supamaketi za Kenya, ilikuwa kampuni kabisa, mwanzilishi Joram Kamau alifariki 2002 akaacha watoto 7, baadaye ndugu wakaburuzana kortini, na kufika 2020 wasapulaya wanadai hela zao huku matawi yanafungwa moja moja. Kwenye bodi wekeni hata mmoja asiye wa ukoo, mwenye uwezo wa kuwaambia hapana wote watano. Kikao msikivute mpaka Idi, mama wote wawili wawepo, na wa Maskati mpigieni video asije akasema hakuambiwa.