Noti ya benki ya 1929: usiioshe wala usiipige pasi, soma hapa kwanza

Mkuu umeuliza kuhusu noti ya dola 10 ya mwaka 1929 aliyoiacha marehemu mjomba wako aliyekuwa anaishi Ohio, kwamba ina mikunjo na uchafu kidogo, je uioshe na kuipiga pasi kabla ya kuituma ikapewe gredi, yaani alama ya hali yake, na kuna mdau hapo juu kashakujibu ioshe kwa maji ya sabuni. Naomba sana usifanye hivyo. Mi nakusanya hizi noti huku huku Ohio na nimeshaona noti nzuri kibao zilizoharibiwa na mtu mwenye nia njema kabisa.

Kwanza ujue umeshika nini. Kuanzia 1863 mpaka 1935 benki za kawaida za mijini huku Marekani ziliruhusiwa kutoa noti zenye jina lao, benki inaweka bondi za serikali kama dhamana kule Washington alafu inapewa noti zenye jina la benki, jina la mji na namba yake ya chata (yaani ya leseni ya benki), na benki zilizofanya hivyo zilizidi 12,000. Sasa hapo ndo utamu wote ulipo, maana noti mbili za dola 10 za mwaka mmoja, rangi moja, sura ileile ya Hamilton, moja ikiwa ya benki kubwa ya New York utazipata nyingi tu kila mnada, ila nyingine ikiwa ya benki ya kijiji iliyochukua noti chache na kufunga miaka michache baadae, unaweza ukakuta zinazojulikana ni mbili tatu dunia nzima. Kwa hiyo wanaosema ya 1929 ni ya zamani basi ni ghali, hapana, umri peke yake hausemi kitu, kinachotafutwa ni benki gani na mji gani.

Angalia vizuri muhuri, uwe wa kahawia, alafu soma jina la benki upande wa kushoto. Kama limeandikwa Federal Reserve Bank (benki kuu ya Marekani) of Cleveland au Chicago hiyo ni aina nyingine, zilitolewa kwa dharura ya mabenki ya 1933 kwa kutumia muundo huohuo, zinafanana mno na watu wengi wanachanganya, na nyingi zake ni za bei ya kawaida. Ukiona jina kama First National Bank ya mji fulani na namba nyeusi ya chata imesimama wima kushoto na kulia, hapo sawa, tuendelee.

Gredi zenyewe zinaenda 1 mpaka 70, kipimo kimetoka kwenye sarafu. Kuanzia 60 ni noti ambayo haijatumika, 50 hadi 58 imeguswa kidogo tu, mkunjo mwepesi mmoja au miwili, 40 na 45 mikunjo michache, 20 hadi 35 imetembea mifukoni lakini karatasi bado ina nguvu, chini ya hapo inazidi kulegea na kuchakaa. Anayegredi hatazami noti imelala mezani, anaishika kwa kingo chini ya taa anaiinamisha ili mwanga uje kwa ubavu, mkunjo ambao macho hayakuuona mbele unajitokeza kama mstari mwembamba wa kivuli, alafu anageuza nyuma anaangalia kama namba za mfululizo (serial) zilizogongwa mbele bado zimeacha alama iliyovimba kwa nyuma. Hizo alama ndo ushahidi kwamba karatasi haijaguswa na maji wala kukandamizwa.

Na ndo maana nakuzuia pasi. Ukipiga pasi ule uvimbe unalala, mkunjo hauondoki maana nyuzi za pamba na kitani zimeshavunjika, unafichika tu, na mwenye uzoefu anauona. Ukiosha karatasi inalegea kama leso, wino unafifia, na sabuni nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha ambayo ukiweka noti chini ya taa ya UV, ileile ya kukagulia noti bandia, inawaka bluu nyeupe wakati karatasi ya zamani inatakiwa ibaki bila kuwaka. PMG, kampuni ya kugredi noti, wakiridhika kwamba karatasi iko katika hali yake ya asili, haijachezewa, wanaandika EPQ kwenye lebo, na bila hiyo EPQ noti haifiki 65 hata iwe safi vipi. Ikiwa imeoshwa wanaiandika hivyo kwenye lebo na bei inashuka. Mimi binafsi naichukua ya gredi 20 yenye uchafu wake wa asili kabla ya gredi 35 iliyofuliwa, tena bila kufikiria mara mbili.

Kwa wenye zile noti za benki zenye umbo kubwa, za kabla ya 1929, kuna jambo la ziada. Nyingi zilisainiwa kwa kalamu na keshia na rais wa benki, wino ule unafifia hadi unabaki rangi ya chai, na kuna watu wanaupitia upya kwa kalamu. Tafadhalini msifanye hivyo, saini iliyofifia inakubalika, iliyochorwa upya ni dosari.



Kwa sasa iweke kwenye mfuko wa Mylar (plastiki angavu isiyo na PVC), usitumie plastiki laini ya PVC maana inatoa mafuta yanayoingia kwenye karatasi, na usiibandike gundi wala selotepu hata kama kuna mpasuko. Usiitume kugrediwa kwanza. Piga picha mbele na nyuma bila flashi, tuwekee hapa jina la benki, mji na namba ya chata, tuangalie zinazojulikana ni ngapi, maana kama ni ya benki iliyojaa sokoni gharama ya kuigredi inaweza kuzidi bei yake.